Osheni mashua, ila msituletee barieri nyingine ya barabarani

Wakati barabara ya Uvira ingali inapitika vizuri, mjomba wangu alinunua mashua kule ziwa Tanganyika, akaipandisha hadi Bukavu, Kongo, kando ya ziwa Kivu, juu ya lori pamoja na moteri yake iliyokwishatumika. Tuliishusha bandarini Muhanzi jioni. Chini ya mbao mlikuwa na maji ya vidole vinne hivi, meusi, yananuka mafuta. Mjomba akachukua kopo, akaanza kuyachota na kuyamwaga ziwani. Nilipochungulia niliona utando wa kijani, na ndani yake konokono wawili wadogo kama punje za mtama. Mlima wote wa Ngomo, njiani kutoka Uvira, na makorongo yake hayakuwaua.

"Mjomba, si uyamwage mchangani?"

Akacheka. "Wewe mwana wa dada! Sambaza unaokula walitoka wapi? Si huko huko Tanganyika?"

Hapo alinishika. Sambaza, samaki wadogo hawa, hawakuwamo Kivu. Wabelgiji ndio waliowaleta mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo zile pirogi tatu-tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, zinazowasha taa usiku katikati ya maji, zinaishi kwa mgeni huyo. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye beseni la sambaza la mama. Kwa hiyo sitasema kila kitokacho nje ni kibaya.

Lakini sambaza waliletwa na watu waliojua wanaleta nini. Mwaka 2006 alionekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, anayeitwa Lamprichthys, na vijidudu anavyokula ndivyo wanavyokula sambaza. Huyu hata siku ya tatu ikifika, humpi jembe. Hatoki tena.

Mpwa wangu anaishi Idaho, Marekani, na huko mwenye kuvuta mashua barabarani akifika kituo cha ukaguzi lazima asimame. Wanapapasa tumbo la mashua kwa vidole kutafuta ukwaruzo kama wa msasa, maana kome wachanga walioganda husikika hivyo. Wakishuku, wanaiosha kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na moteri pia wanaisafisha kwa ndani. Wanamwogopa kome wa quagga: watoto wake hawaonekani kwa macho, wanasafiri ndani ya maji yaliyobaki kwenye moteri, na wakikua wanajaa kwenye mabomba mpaka yanaziba. Mwaka 2023 walimkuta katika mto Snake, karibu na Twin Falls. Ikabidi wamwage dawa ya shaba mtoni, na samaki wengi wakafa humo humo.

Rafiki mmoja alinisikiliza akasema basi tuombe serikali ituwekee kituo kama hicho. Hapana, jamani! Kutoka Uvira mjomba alilipa barieri nyingi, nyingine zikampa bon, yaani stakabadhi, nyingine hata kikaratasi hakuna. Ongeza ya kukagua konokono, na mashua chafu itapita mradi mwenyewe ametoa kitu. Kazi hii waachiwe kamati za wavuvi wa kila bandari, na haihitaji mashine: maji yamwagwe nchi kavu, nyavu zianikwe, mashua ikauke kabisa.

Yetu tuliipindua mchangani, moteri tukaisimamisha ijichuje. Nilimwomba mjomba siku tano za jua. Alinipa mbili. Ya tatu mwezi ulikuwa umeingia gizani, na sambaza hawangojei mtu.