Ruta Moja Inayoikosesha Ghorofa Nzima Intaneti
Inakera mno kukosa intaneti hosteli usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, ilhali mtandao wa chuo ni mzima, kwa sababu tu mwenzetu wa chumba fulani amechomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la kuunganishia vifaa vya ndani) la ruta yake, kile kifaa cha kugawia intaneti chumbani, badala ya tundu la WAN (la kupokelea intaneti kutoka nje). Ruta hiyo, ambayo huduma yake ya DHCP, yaani ya kuvipa vifaa anwani za mtandao, kwa kawaida huwa imewashwa tangu kiwandani, huanza kuzigawia kompyuta za majirani anwani za kwake, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168, na kompyuta inayozipokea hupeleka data zake kwenye ruta isiyo na njia ya kutokea nje.

Kinachoniudhi zaidi ni uongozi unaobandika matangazo ya kupiga marufuku ruta zote, wakati Wi-Fi ya chuo haifiki vyumba vya mwisho wa korido, na wakati swichi nyingi za mtandao za ofisini, yaani vifaa vinavyounganisha nyaya za vyumba, zina uwezo wa kuzuia majibu ya DHCP yanayotoka vyumbani. Mafundi wauwashe uwezo huo, na mwanafunzi aonyeshwe tundu la WAN siku ileile anapokabidhiwa ufunguo wa chumba.