Wimbo wa Kihindi Usipopewa Kazi

Zikitajwa tu nyimbo za filamu za Kihindi, watu hugawanyika. Wazee watakwambia muziki uliisha mwaka 1980, alipofariki mwimbaji Mohammed Rafi. Vijana watakujibu kwamba Arijit Singh, mwimbaji wa kizazi chao, peke yake anatosha, hao wa santuri wawaachie babu zao. Nimesikiliza ubishi huu mara nyingi na sijaona upande wa kushika, kwa sababu mimi wimbo wa filamu siupimi kwa mwaka uliotoka. Naupima kwa kazi uliyopewa ndani ya hadithi. Ukiwa na kazi, unaishi. Ukikosa kazi, hata aimbe nani, baada ya miezi michache hakuna anayeukumbuka.

Chukua Mahal, filamu ya mwaka 1949. Kijana anaingia kwenye jumba la kale, na usiku anasikia sauti ya mwanamke akiimba humo ndani, hajui ni wapi. Ilitakiwa msikilizaji naye ahisi sauti inatoka mbali na inamjia. Mitambo ya studio za wakati ule haikuweza kufanya ujanja huo. Basi Lata Mangeshkar, msichana wa miaka kama 20 aliyemwimbia mwigizaji, akasimamishwa mbali na maikrofoni, akaanza kuimba huku anaisogelea taratibu. Ile sehemu ya mwanzo inayoimbwa polepole, kabla mapigo hayajaanza, ukiisikiliza vizuri unamsikia mtu anakuja. Santuri ilipotoka haikuandikwa jina la Lata. Iliandikwa Kamini, jina la mhusika kwenye filamu, na wasikilizaji wakawa wanaulizia redioni huyo Kamini ni nani. Ilikuwa kumnyima mwimbaji haki yake, na Lata mwenyewe baadaye alipigania sana haki za waimbaji. Lakini jambo hilo linaonyesha jinsi watu wa zama zile walivyoufikiria wimbo: ulikuwa mali ya mhusika kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika Guide, ya mwaka 1965. Rosie, aliyeigizwa na Waheeda Rehman, ameolewa na mtaalamu wa mambo ya kale anayejali magofu yake kuliko mkewe, na asiyetaka hata kusikia habari ya mkewe kucheza ngoma. Mwanamke anachoka, anaondoka. Hapo ndipo wimbo unapoingia. Sasa angalia walichofanya mtunzi S. D. Burman na mshairi Shailendra. Kawaida wimbo wa filamu ya Kihindi hufungua kwa kiitikio, beti zikafuata. Huu unafungua kwa beti. Lata anaingia katikati ya maneno, kama mtu aliyezuiwa kusema kwa miaka na sasa hana subira ya kungoja utangulizi, na kiitikio kinapofika, kile kinachosema leo nina hamu tena ya kuishi, unakipokea kwa pumzi moja na yeye. Hakuna mazungumzo yoyote ambayo yangeweza kutueleza hali ya Rosie upesi na kwa ukamilifu namna ile. Ukiutoa wimbo huo, filamu inabaki na pengo ambalo huwezi kuliziba kwa kitu kingine.

Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 wengi mnaijua, sitaieleza sana. Mcheza ngoma anasimama mbele ya mfalme Akbar na kutangaza kwa wimbo kwamba anampenda mwanamfalme na haogopi, na vioo vya ukumbi vinamwonyesha kila upande mfalme anapotazama. Sehemu kubwa ya filamu ni nyeusi na nyeupe, lakini wimbo huo umepigwa kwa rangi. Naushad alitunga muziki, Shakeel Badayuni mashairi, Lata akaimba. Ni wimbo, na papo hapo ni uasi.

Sisi wa pwani tuna ushahidi wetu wenyewe katika jambo hili. Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, kumbi za sinema zilijaa watu waliokwenda kutazama picha za Kihindi bila tafsiri. Awaara ya Raj Kapoor ilipendwa huku kama ilivyopendwa Urusi. Wangapi kati ya watazamaji hao walijua Kihindi? Lakini walitoka ukumbini wanaimba. Waliweza kufuata kwa sababu wimbo ulikuwa mahali pake: stelingi amefukuzwa, mama anamlilia mwanawe, wapendanao wametenganishwa, na sauti ya mwimbaji Mukesh inamalizia yale ambayo macho yamekwisha kuyaona.

Mombasa haikuishia kusikiliza. Mwimbaji wa taarab Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alichukua mahadhi ya nyimbo za filamu hizo na kuyaingizia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, akapiga kwa kinanda na tabla, na arusi nyingi za pwani zikawa hazinogi bila yeye. Wako waliomlaumu kwamba ameazima. Mimi naona kinyume chake. Kulibebesha lahani la kigeni shairi la Kiswahili lililotimia ni kazi ngumu, na lahani lenyewe lazima liwe na mgongo. Nyimbo dhaifu hazikuweza kubeba mashairi yale.

Nawaheshimu wazee wanaosema nyimbo za sasa ni kelele, lakini nawakumbusha mwaka 1952. Waziri wa habari wa India wakati huo, B. V. Keskar, aliziona nyimbo za filamu kuwa za ovyo na zenye kuharibu ladha ya watu, na redio ya taifa ikafikia kuziondoa hewani. Wahindi wakahamia Radio Ceylon, redio ya nchi jirani iitwayo sasa Sri Lanka, wakamsikiliza Ameen Sayani akitangaza nyimbo zilizopendwa kila wiki, mpaka redio ya taifa ikasalimu amri na kuanzisha idhaa ya burudani, Vividh Bharati, mwaka 1957. Nyimbo alizozikataa Keskar ndizo hizi tunazoziita za dhahabu. Basi anayesema wimbo ni wa ovyo kwa sababu tu ni mpya afikiri mara mbili.

Hata hivyo kuna kitu kimepungua, na nitakisema waziwazi kwa sababu kinaniuma. Zamani mwigizaji aliuimba wimbo kwa midomo yake, hata kama sauti ilikuwa ya Rafi au ya Asha Bhosle. Alikuwa analazimika kuubeba usoni. Siku hizi katika filamu nyingi wimbo unapita nyuma tu, wakati wahusika wanatembea ufukweni au wanaendesha gari. Mara nyingi umetengenezwa ili utangulie filamu kwenye simu zetu, na ukiuhamishia filamu nyingine hakuna atakayegundua.

Mbaya zaidi ni huku kuchukua wimbo uliopendwa na kuupika upya. Katika Delhi-6 ya mwaka 2009, mtunzi A. R. Rahman na mshairi Prasoon Joshi walitunga wimbo kuhusu njiwa aitwaye Masakali. Njiwa hawezi kuruka, na msichana aliye naye anatamani kutoka nyumbani akatafute maisha yake kabla hajaozwa. Wimbo unamwambia njiwa aruke, na kila mtu anajua ni nani anayeambiwa. Mwaka 2020 likatolewa toleo jipya, mdundo mkubwa, vijana wawili wazuri, na njiwa hayupo. Rahman na Joshi walionyesha hadharani kwamba hawakupendezwa, na mimi nilifurahi kwamba hawakunyamaza.

Lakini Rahman huyohuyo ndiye anayenipa hoja dhidi ya wanaosema mambo yamekwisha. Rockstar, 2011: kijana amefukuzwa kwao na anapata hifadhi kwenye dargah, yaani kaburi la walii, ya Nizamuddin Auliya, Delhi. Hapo inaimbwa kawali, wimbo wa kisufi, yenye maneno ya Mwenyezi Mungu, kun fayakun, ambayo Mwislamu wa pwani ameyasikia tangu utotoni kila inaposomwa Yasin. Filamu nzima kijana yule ana hasira na makuu. Ndani ya wimbo huo, kwa mara ya kwanza, anakaa chini kati ya watu na kusikiliza. Siuoni ukipungukiwa na chochote mbele ya nyimbo za mwaka 1960.

Na Tamasha ya mwaka 2015. Ved amekataliwa na Tara kwa sababu si yule mtu mchangamfu aliyekutana naye safarini. Baadaye Tara anajuta, anamfuata mezani mkahawani, anamshika, analia, anamwomba asiondoke, na Ved amekwisha kufunga moyo. Rahman na mshairi Irshad Kamil wakaigawa sauti: Tara amepewa Alka Yagnik, Ved amepewa Arijit Singh. Alka ni sauti ya ujana wa watu wa miaka ya 1990, Arijit ni wa leo. Yeye anasihi, huyu anajibu kana kwamba hakusikia kilichosihiwa, na nyimbo mbili zinaenda pamoja bila kukutana, kama wao wenyewe pale mezani. Kama Alka asingekuwa na utu uzima ule kwenye sauti, ombi lisingekuwa na uzito. Kama Arijit asingeimba kwa ubaridi ule, tusingemwamini Ved.

Wengi wanaujua wimbo huo kutoka kwenye simu tu, kwa sababu umeenea kila mahali. Nawasihi waitafute filamu na waitazame tangu mwanzo, bila kurukisha, mpaka wafike pale mkahawani wakiwa wanajua hawa wawili walikutanaje na nani alimuumiza nani kwanza.