Ireland 1641: Vita vya Dini au vya Ardhi?

Oktoba 1641, Wakatoliki wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, waliwaasi walowezi Waprotestanti waliotoka Uingereza na Uskoti. Hadi leo wanahistoria wanabishana: walipigania dini au ardhi?

Wanaosema dini wana hoja nzito. Kulikuwa na Wakatoliki wenye asili ya Uingereza, ambao mababu zao waliivamia Ireland karne ya 12. Walijihesabu watiifu kwa mfalme wa Uingereza, aliyeitawala pia Ireland, na mashamba walikuwa nayo. Hata hivyo, waliungana na waasi, na mwaka 1642 wakaunda serikali ya pamoja mjini Kilkenny. Kama si imani, kipi kingewaweka meza moja? Lakini tusisahau kwamba miaka ya 1630 gavana Thomas Wentworth alishaanza kuyamezea mate mashamba yao ya Connacht, magharibi mwa Ireland.

Mimi naegemea upande wa ardhi. Miaka ya 1550, ni Malkia Mary wa Uingereza, Mkatoliki wa kweli, aliyewapora Wakatoliki wenzake ardhi ya Laois na Offaly, katikati ya Ireland, akawapa walowezi. Ulster nayo ilichukuliwa baada ya machifu wake kukimbilia Ulaya mwaka 1607. Zisome pia hati za viapo vya walowezi walionusurika, zilizohifadhiwa Trinity College, Dublin: mtu anataja jina lake na anakotoka, kisha ng'ombe, farasi, nafaka na madeni aliyopoteza, kila kitu kwa thamani yake. Mauaji mara nyingi hufuata baadaye.

Hilo haliwasafishi waasi hata kidogo. Pale Portadown, walowezi wapatao 100, wakiwemo wanawake na watoto, walitupwa mtoni Bann wakafa maji. Vijitabu vya London vilivyodai waliouawa ni mamia ya maelfu vilikuwa uongo mtupu, lakini maelfu waliuawa kweli, na Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza lililopigana vita na mfalme, alilipiza bila huruma katika mji wa Drogheda mwaka 1649.

Hata hivyo, kuna jambo moja linalonizuia kuiweka dini kando. Chini ya sheria ya Bunge hilo ya mwaka 1652, Mkatoliki ambaye hakuasi alitakiwa kuthibitisha kwamba siku zote aliliunga mkono Bunge. Akishindwa, alipoteza sehemu ya ardhi yake na kuhamishiwa Connacht. Mprotestanti aliyempigania mfalme, kwa kawaida, alitozwa faini akabaki na shamba lake.