Nilivyosukwa Pamoja na Binti Yangu

Mama watoto alipokuwa anaondoka kwa safari ya siku 4, aliniachia maagizo mengi ambayo siyakumbuki, na moja ambalo sitalisahau: "Nywele za mtoto usiziguse. Nimemsuka juzi, zitakaa mpaka nirudi."

Nikacheka. Niguse nywele za nini? Mimi mwenyewe nina kipara tangu nikiwa na miaka 31. Mimi na mambo ya nywele tulishaagana zamani, kwa amani, kila mtu akashika njia yake.

Shida ni kwamba agizo lile nilipewa mimi peke yangu. Binti hakuambiwa kitu.

Jumapili jioni nikamkuta sakafuni na mwanasesere wake, wanacheza saluni. Mwanasesere ndiye msusi, binti yangu ndiye mteja. Na kwa kuwa mwanasesere hana vidole vya maana, ujuzi wake uliishia kwenye kufumua. Upande wote wa kushoto, kuanzia utosini hadi sikioni, ulikuwa wazi, nywele zimesimama kama zimesikia kishindo. Upande wa kulia mistari imelala vilevile mama alivyoilaza. Ukimtazama kutoka kulia, huyu ni mtoto wa watu. Ukimtazama kutoka kushoto, unauliza mama yake yuko wapi.

"Baba," akasema, "kesho tunapigwa picha."

"Picha gani?"

"Ya darasa."

Sasa, mtu mwenye akili zake angemfunga kitambaa, wakalala. Au angekwenda kwa jirani yetu, bibi mmoja ambaye amesuka vichwa vingi kuliko siku nilizoishi. Mimi nikajisemea moyoni: nimefunga mizigo kwenye baiskeli haikudondoka, nimefungua pasi nikaifunga tena ikawaka, leo nishindwe na nywele za mtoto wa miaka 6? Nywele ni nyuzi tu.

Nikaanza kwa kufumua upande wa kulia ili pande zilingane. Makosa yote yaliyofuata ni wajukuu wa hilo. Nusu ya kichwa iliyosukwa vizuri ndiyo ilikuwa shahidi wangu wa pekee, ya kwamba si mimi niliyeharibu, nami nikaifumua kwa mikono yangu.

Kisha nikachukua chanuo, nikalizamisha utosini, nikavuta kuja chini kama nalima.

Nadhani kilio kile kilisikika mpaka alikokuwa mama yake.

"Baba! Maji kwanza! Halafu unaanzia kwenye ncha!"

Basi nikapewa somo, machozi ya mwalimu yakiwa bado shavuni. Nywele za kipilipili kila mmoja umejisokota kama springi, na zikiwa kavu zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Ukianzia kwenye shina, mafundo yote unayasukuma chini yanakwenda kufanya mkutano wa hadhara mahali pamoja. Unazilowesha, unashika fungu dogo kwa mkono mmoja ili kichwa kisivutwe, unachana ncha, unapanda kidogo, unachana tena, unapanda. Haya yote nilifundishwa na mtu ambaye kamba za viatu vyake bado namfunga mimi.

Nilipotazama chanuo, magoti yakalegea. Lilikuwa limebeba bonge la nywele mfano wa kiota cha ndege. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mtu hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kila siku, na zikiwa zimesukwa hazina pa kudondokea, zinabaki humohumo zikingoja siku ya kufumuliwa. Na kwamba kichwa kina nywele kama 100,000, kwa hiyo mtaji bado upo. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilidhani nimemnyonyoa mtoto. Nikalificha lile bonge mfukoni, nikaendelea na kazi kwa uso wa mtu asiye na jambo.

Maji nilimwaga mengi kuliko ilivyotakiwa. Kwa kuwa maji yalikuwa mengi, nikaona na mafuta yawe mengi, nikachota mafuta ya mgando kwa vidole vinne. Mafuta ya mgando na maji havipatani, vikakataa kukaa pamoja: maji yakamtiririkia shingoni, mafuta yakabaki kwangu. Yalipanda viganjani, vifundoni, mpaka karibu na kiwiko. Kila nikishika fungu la nywele linaniponyoka kama kambale.

Nikajaribu kukata njia katikati kwa mkia wa kitana. Njia ilianza vizuri tu penye paji la uso. Ilipofika utosini ikapata mawazo mengine, ikapinda kama njia ya ng'ombe waendao mtoni, ikatokea nyuma ya sikio. Binti akaifuata kwa kidole, polepole, akafika mwisho.

"Baba, mbona njia imeenda kwa jirani?"

Nikamwambia ni mtindo.

Butu la kwanza likasimama. Nililikaza hasa, maana kwenye baiskeli mzigo usiokazwa unadondoka. Nikamgeuza nimtazame usoni, nyusi zimepanda juu, macho yametoka, sura kama ya mtu aliyepewa habari asizozitarajia. "Baba, macho hayafumbi." Nikalilegeza haraka. Hapo angalau nilikuwa najua ninachokifanya: nywele za ukingoni mwa uso ukizivuta hivyo kila mara, miaka na miaka, zinang'oka na mwishowe hazirudi. Na kipara kimoja kwa nyumba moja kinatosha.

Butu la pili ndilo lililotuunganisha.

Nina saa ya mkanda wa chuma, ile mikanda ya kuvutika, pingili nyingi zilizoshikwa na springi ndani. Nilipoanza kazi nilikuwa nimeipandisha kwenye mkono karibu na kiwiko isiloe. Kule juu mkono ni mnene, kwa hiyo mkanda ulikuwa umetanuka, mianya ya pingili iko wazi. Na mkono, kama nilivyosema, umejaa mafuta. Nilipoinama kufunga butu la pili, mkono wa kushoto umezama nyweleni mpaka kifundoni, saa ikateleza taratibu ikashuka. Ikafika kwenye kifundo, mahali pembamba, mkanda ukajikusanya, mianya ikafumba. Ikafumbia nywele.

Nikavuta mkono. Kichwa kikaja pamoja nao.

"Aaah! Baba!"

"Tulia mama, tulia."

Nikaingiza kidole nitanue mkanda. Mianya ikafunguka, nywele za jirani zikaingia. Nikaachia, ikafumba. Nikatanua tena, zikaingia nyingine. Nikaelewa kwamba saa yangu inakula, na mimi ndiye ninayeilisha.

Simu ikalia. Ilikuwa kwenye kochi, hatua 3 kutoka tulipo. Tukaenda wote, sote tumeinama. Mama watoto. Nikaweka sauti ya juu, maana mkono wa pili ulikuwa na mafuta mno kushika kitu.

"Mnaendeleaje?"

"Salama kabisa."

"Mbona unahema?"

"Nacheza na mtoto."

"Hebu nimsalimie."

Nikamkazia binti macho. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Baba anakutunza?"

Binti akafikiri. Ni mtoto asiyependa kusema uongo, sijui amemrithi nani. "Mama, baba amenishika kichwa. Hawezi kuniachia."

Kimya kikapita upande wa pili. Kisha sauti ikarudi imelainika, sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba. "Jamani, baba watoto. Kumbe nikiondoka unakuwa hivyo. Haya, laleni salama."

Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa kwa kukwama.

Nikatazama mkasi uliokuwa juu ya meza. Binti naye akautazama, kisha akanitazama mimi. Nikapiga hesabu. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Fungu lile lilikuwa na sentimita kama 12 hivi. Maana yake nikikata, nitakuwa naulizwa kila asubuhi kwa mwaka mzima. Nikausukuma mkasi mbali.

"Twende kwa bibi," akasema binti.

Kabla hatujatoka tukawekeana mkataba. Yeye hatamwambia mama. Mimi kama malipo nitakubali naye anisuke. Nikamwonyesha kipara kwa furaha, nikijua nimeshinda. Akanishika kidevu. "Nitasuka ndevu."

Safari ya kwenda kwa jirani ni fupi, lakini jaribu kuitembea umeinama, mkono umekaa kwenye kichwa cha mtu anayefika kiunoni mwako, naye anaruka madimbwi. Kwa mbali tulionekana kama mchungaji anayembariki muumini asiyetaka kusimama. Tukakutana na kijana mmoja wa mtaani akasimama kabisa.

"Kwema, mzee?"

"Kwema tu. Twamaliza mazoezi."

Tukapiga hodi. Bibi akafungua, akatutazama, akaivaa miwani, akatutazama upya.

"Shikamoo bibi," tukasema sote wawili.

"Marahaba. Nani anamsuka mwenzie hapo?"

Sikujibu. Alimketisha binti kwenye kigoda, mimi nikaketi sakafuni kama mzigo uliokuja na mteja. Bibi hakuharakisha. Alileta sabuni na maji ya vuguvugu, akanisugua kifundo mpaka mafuta yote na povu vikawa kitu kimoja, akakunja dole gumba langu ndani ya kiganja, akaupenyeza mkono nje taratibu huku ameshikilia mkanda usisogee. Nikawa huru. Saa ikabaki inaning'inia nyuma ya sikio la mtoto.

"Baba, naisikia. Tik, tik, tik." Akatega sikio. "Kichwani kwangu ni saa ngapi?"

"Saa 3 kasoro," akajibu bibi bila kucheka. "Saa ya watoto kulala, na ya watu wazima kuacha ujuaji."

Kisha akaanza kuichinja saa yangu. Kwa sindano nene na koleo ndogo akainua mdomo wa pingili moja, akaichomoa, akazitoa nywele zake mmoja mmoja kwa subira kama anayechambua nyuzi za hariri, akahamia nyingine. Mkanda ule nilipewa zawadi. Nilikuwa nauona ukigeuka vyuma chakavu kwenye kisosi, na kila kilipolia *ting*, bibi aliniuliza swali.

*Ting.* "Chanuo ulianzia wapi?"

"Kwenye shina, bibi."

*Ting.* "Mafuta kiasi gani?"

Nikaonyesha.

*Ting.* "Na hii njia nayo ilikuwa inakwenda wapi?"

"Ni mtindo," binti akanitetea, sauti imeshaanza kusinzia.

Hakukatwa hata unywele mmoja. Mwishoni nikazihesabu pingili kwenye kisosi: 23. Nikaona ni nyingi, nikaridhika. Haikunijia kwamba sijawahi kuzihesabu zikiwa nzima, kwa hiyo hiyo 23 haikuwa inaniambia chochote.

Mtoto alikuwa keshalala akiwa ameketi. Bibi akamnyoshea njia, akambana mabutu 2 ya haraka yaliyokaribia mabegani, akamfunga kitambaa, akaniambia nisiguse kitu mpaka asubuhi. Agizo hilo nililitii, ingawa lilikuwa limechelewa.

Asubuhi nikafungua kitambaa nikapiga kelele. Mabutu yaliyofika mabegani usiku yalikuwa yamepanda juu ya masikio, yamekuwa vifundo viwili kama pembe za mbuzi mchanga. Nikadhani zimekatika. Binti ndiye aliyenituliza: nywele zake zikiwa na maji zinanyooka, zikikauka zinajikunja kurudi kwao, tena zinaweza kupotea zaidi ya nusu ya urefu bila kupungua hata kidogo. "Zipo humo ndani, Baba." Tukachelewa shule, sikupata muda wa kumkagua. Akaenda na pembe zake, anacheka.

Mama watoto alirudi Jumatano, akatukuta barazani tukitekeleza mkataba. Ndevu zangu zilikuwa zimegawanywa mafungu 2, moja tayari limefungwa kwa utepe wa waridi. Akatutazama muda mrefu. Nadhani alikuwa bado na ile simu moyoni, maana hakuuliza kitu. Aliweka begi chini, akasema tumependeza, akaenda kumsalimia bibi jirani.

Bibi, Mungu ambariki, hakusema neno. Nilijua kwa sababu mama watoto alirudi akiwa na uso uleule mwema, ameshika bahasha ya picha aliyoikuta mezani.

"Umembana mabutu mwenyewe?" akauliza. "Yamesimama vizuri, sikutegemea." Nikajikohoza kwa heshima. Akaisogeza picha karibu na macho, akaipeleka kwenye mwanga. "Ila hiki kinachong'aa hapa kwenye butu, nyuma ya sikio, ni nini? Mbona hatuna kibanio cha namna hii?"

Binti hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Pingili ya saa ya baba. Ilikuwa imejificha kwenye maji, nywele zilipokauka ikapanda juu."

Mama watoto akashusha picha. Akatazama mkono wangu wa kushoto, mahali ambapo pana mstari mweupe na hapana saa. Nikakumbuka kwamba kuna kazi ya muhimu sana nyuma ya nyumba, nikaanza kuinuka.

"Baba, usitikisike," akasema msusi, akazikamata ndevu. "Bado butu moja."