Kasi au Shabaha: Mrushaji Mdogo Apimwe kwa Lipi?

Besiboli inarudi kwenye Olimpiki mwaka 2028 jijini Los Angeles, na kriketi nayo imo. Kriketi tunaijua Mombasa tangu enzi za babu zetu. Besiboli wengi wetu huitazama kwenye simu tu, tena wakiwa na usingizi machoni, maana mechi inayoanza saa moja jioni New York, hapa kwetu ni saa nane usiku. Lakini kuna mabishano ya Wamarekani yanayomhusu kila anayefundisha watoto kurusha mpira, awe Tononoka au Likoni. Una watoto wawili. Mmoja anavurumisha mpira hadi mdakaji anaogopa, ila hajui utaishia wapi. Wa pili kasi yake ni ya kawaida, lakini mpira anauweka pale pale anapotaka. Umchukue yupi?

Wasaka vipaji wa Marekani wengi watakwambia bila kusita: mwenye kasi. Na wana hoja. Kutoka anaposimama mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 160 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na ndani ya muda huo mpigaji aone, aamue, azungushe gongo. Kasi pia inafuta makosa: mpira wa haraka ukipita katikati kwa bahati mbaya, mpigaji bado anaweza kuukosa, wa polepole ukipita hapo hapo, utaufuata nje ya uzio. Tena wanasema shabaha hufundishwa, lakini mkono wa kasi mtu huzaliwa nao. Ushahidi wao mkubwa ni Randy Johnson, jitu la mita 2.08, ambaye mwaka 1991 aliwapa wapigaji besi za bure 152, yaani mpigaji anatembea hadi kituo cha kwanza bila kugonga mpira, kwa kushindwa kulenga. Alipojirekebisha, alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mara tano.

Sandy Koufax naye hutajwa upande huo, ila mimi humsoma tofauti. Miaka yake ya mwanzo alikuwa na mkono wa moto usiolenga. Mwaka 1961, kwenye mazoezi kabla ya msimu, mdakaji wake Norm Sherry alimshauri apunguze nguvu. Akapunguza, na ndipo alipokuwa Koufax tunayemsikia, mwenye Cy Young za 1963, 1965 na 1966. Sasa hapo kilichomwokoa ni nini?

Halafu kuna Steve Dalkowski, ambaye mashabiki wa kasi hawapendi kumtaja. Wengi waliomwona walisema hawajapata kuona mkono wa kasi kama ule. Mwaka 1960, akichezea Stockton kwenye ligi ndogo, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki (mipira mitatu waliyoshindwa kuigonga) na akawapa besi za bure wengine 262. Idadi sawasawa, kama mizani ya dukani. Hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mweke kando ya mrushaji Greg Maddux, ambaye hakutegemea kasi: ushindi 355, straikiauti (wapigaji waliotolewa kwa straiki) 3,371, na besi za bure 999 tu katika misimu 23.

Lakini Maddux alikuwa mtu mzima aliyeiva, na wa enzi nyingine. Mpira wa kasi wa wastani kwenye ligi kuu ulikuwa karibu kilomita 147 kwa saa mwaka 2008. Kufikia 2024 ulipita 151. Anayetaka kufika huko leo hawezi kuipuuza kasi, tusidanganyane.

Kosa ni kuchukua kipimo cha klabu ya Marekani na kukishusha kwa mtoto wa miaka 12. Katika umri huo, mara nyingi kasi ni tarehe ya kubalehe tu. Darasa moja la Majengo lina mtoto ambaye sauti imeshakuwa nzito na mwenzake ambaye bado anaitwa “kadogo” na shangazi zake. Ukipima kasi yao, umepima nani aliwahi kukua. Miaka mitatu baadaye kadogo huenda akampita kwa kichwa kizima.

Shabaha nayo, ikihesabiwa kwa mipira iliyoingia tu, inadanganya. Mtoto aliyerefuka ghafla hupoteza ulengaji hata kama jana alikuwa fundi. Mikono imekuwa mirefu na kichwa hakijapata habari. Na kuna ubaya mwingine ambao watu wa kasi wameuona vizuri kuliko sisi: mtoto anayepigiwa kelele “usikose!” kila akirusha huanza kuusukuma mpira badala ya kuurusha. Kiwiko kinakaza, mwili unasimama, mpira unaingia kweli, lakini hapo umeshamharibu.

Kwa hiyo mimi natazama chini. Akisharusha mipira kumi, sogea uone alama za mguu wake wa mbele kwenye vumbi. Zikiwa zimerundikana mahali pamoja, mtoto huyo anarudia mwendo mmoja, na shabaha itakuja hata kama leo nusu ya mipira imepita juu ya mdakaji. Alama zikitapakaa huku na kule, basi hata mipira iliyoingia iliingia kwa bahati.

Kuna pia suala la mfuko. Klabu kubwa ya Marekani inaweza kusajili warushaji kumi wenye kasi, wanane wakaharibika, wawili wakailipa. Desemba 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti iliyohusisha kusaka kasi na kurusha kwa nguvu zote na wingi wa majeraha ya mikono. Upasuaji wa kiwiko aliouanzisha daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John siku hizi huko ni jambo la kawaida. Hapa mzazi atamlipia nani? Angalau mwongozo wao wa idadi ya mipira tunaweza kuuiga bila gharama: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mipira 85 kwa siku.

Na kocha wa hapa hana warushaji kumi. Ana watoto tisa, labda kumi. Mrushaji akikosa mara nne, mpigaji anatembea bure. Akiwatembeza watano mfululizo, wenzake saba wamesimama juani hawajagusa mpira. Wiki ijayo wamehamia kwenye kandanda, na siwalaumu.

Wapenda shabaha wa Mombasa hunitajia Aasif Karim, mzaliwa wa mji huu. Kombe la Dunia la kriketi 2003, jijini Durban, akiichezea Kenya, aliwarushia Waaustralia taratibu kabisa: katika ova 8.2 (ova moja ni mipira sita) aliruhusu mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani wapigaji watatu aliowatoa, nahodha wao Ricky Ponting akiwemo. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa mechi akawa yeye. Mfano mtamu, ila Karim alikuwa na miaka 39, na mzunguko wa mpira wake ulikuwa silaha yenyewe. Haumsaidii sana anayechagua watoto.

Mimi ningemwanzisha mwenye alama zilizorundikana, kasi yake iwe yoyote. Yule wa vurumai simwachi: inningi (zamu) moja ya mwisho, mipira isizidi 25, kisha nampeleka uwanja wa nje, ambako mkono wenye nguvu una kazi nyingi na kukosa kwa hatua mbili hakumpi mtu besi ya bure. Kimashine cha kupima kasi tutakiazima wakifika miaka 16.