Farasi 280 nyuma ya beni

Nyinyi mnaoniuliza kila siku kama kufufua Toyota Mark II ya zamani kunalipa, kaeni niwahadithie yaliyonikuta harusi ya shemeji yangu, halafu hesabu pigeni wenyewe, mie nshachoka nazo.

Kwanza gari yenyewe si hizi Mark II za lita mbili mlizozoea kuziona zikipiga teksi. Yangu ni Tourer V, ile Mark II ya mbio, bodi ya JZX100, zimetoka 1996 mpaka 2000, ndani mna injini ya 1JZ-GTE, lita mbili na nusu, silinda sita za mstari na tabo juu yake, ile inayoisukumia injini hewa ipate nguvu. Kwenye karatasi nguvu za farasi 280, kwa sababu makampuni ya Japani yalipatana yasitangaze zaidi ya hapo na mapatano yale yakadumu mpaka 2004. Sasa farasi 280 kwenye kisiwa chetu cha Unguja ambacho ncha hadi ncha ni kilomita kama 85, na ndani ya hizo matuta hayana idadi, wapi utazikimbizia, lakini hilo nani kakuuliza. Mtaani kwetu Fuoni hakuna aliyejali. Mzee mmoja wa barazani kaizunguka gari nzima, kainama, kasimama, halafu kanambia "hii si ile alokuwa akipigia teksi marehemu?" Roho iliniuma lakini nkanyamaza.

Niliipata Chukwani, imelala chini ya muembe, bahari pale pale, upepo wa chumvi ushaila mpaka ushiba. Milioni tano. Mke wangu nkamwambia rangi tu na vitu vidogo vidogo, laki saba haifiki. Nkamtilia na uchumi ndani yake: Marekani gari ambazo hazikutengenezwa kwa kanuni zao haziingii mpaka zitimize miaka 25, sasa hizi zishatimiza, kwa hivyo wanazigombania huko Japani na bei inapanda, hii si gari mke wangu, hii mali, hiki kiwanja. Sikummalizia kwamba Mmarekani anataka yenye gia ya mkono, bodi safi, na karatasi zake zote. Yangu ni otomatiki na sakafu ya upande wa dereva ukitazama chini unaiona lami.

Fundi bodi alianza kukwangua asubuhi, adhuhuri kanipigia, "bosi njoo uone mwenyewe." Yakhe, fundi akikwambia hivyo usende, zima simu. Chini ya rangi mna fila, ile lipu ya kuzibia mashimo, chini ya fila mna kutu, chini ya kutu hamna kitu, hewa tu. Bati jipya sakafu nzima na chini ya milango yote. Tukaingia kwenye injini, moshi wa buluu, tabo imekufa. Na hapa ndipo pesa inapokwenda sikilizeni vizuri: taa, vioo, milango, hivyo unavipata kwa Mark II za kawaida, rahisi. Injini, breki, difu, hivyo vya Tourer V peke yake, mpaka mtu akuchukulie Sharjah kwenye magari ya kukatwa, nauli juu, ushuru juu, na mwenye nacho akishasikia 1JZ tu bei anaipandisha hapo hapo kwenye simu unasikia. Na ukishafungua mkanda wa taimingi, fundi atakwambia tubadilishe na wota pampu maana ndio tushafika, na kila mahali tulipofika kulikuwa na kitu cha kubadilisha maana ndio tushafika.

Halafu ndo nkaingiwa na shetani la kuifanya ya kisasa. Springi fupi ikae chini, rimu za 18, taa za LED, feni mbili za umeme, alamu inayojifungia milango gari ikianza kwenda, na redio ya tachi kubwa kama sinia la biriani. Fundi umeme kaiunganisha na simu yangu kwa Bluetooth, na kwa ihsani yake mwenyewe, sikumtuma, kaiseti simu ikiingia ijipokee. "Ili usishike simu ukiendesha bosi, trafiki watakukamata."

Basi harusi ikafika. Shemeji yangu anaoa Jang'ombe, familia inataka kukodi Alphard nyeupe, mie nkasema haiwezekani, Mark II ipo. Asubuhi yake mke wangu ananambia, "zile bangili zangu kwa sonara bado tu? Kusafisha gani huko?" Nkamwambia sonara kasafiri. Kaniangalia, kavaa za plastiki za dhahabu, kanyamaza.

Jioni baada ya nikaha tunamtoa bibi harusi. Mbele kakaa mama mkwe, nyuma bwana harusi na joho lake, bibi harusi, na mke wangu kabanwa mlangoni. Nyuma yetu dala la kina mama wanapiga vigelegele. Mbele yetu beni, matarumbeta na ngoma, wanatembea hatua mbili wanasimama wanacheza, hatua mbili wanasimama. Sasa injini ya tabo na mwendo wa beni haviendani kabisa. Natazama sindano ya joto inapanda, feni sizisikii, kumbe fyuzi ishaungua. Najua dawa yake, nkafungua hita mpaka mwisho itoe joto kwenye injini.

"Baba, mbona humu mwatoka moto?" mama mkwe kauliza.

"Ndo gari za kisasa mama, inakausha unyevunyevu."

Nkitazama kwenye kioo bibi harusi wanja ushaanza kushuka.

Tukafika kwenye tuta. Gari imeshushwa, watu watano ndani, mmoja wao shemeji yangu ambaye ni mzito kidogo Mungu amsitiri. Magurudumu ya mbele yakapita, halafu nkasikia krrrrr, ikakaa kitumbo juu ya tuta, haiendi hairudi. Beni wakaona tumesimama, wakadhani tumependa, wakarudi wakatuzunguka wakazidisha. Boneti linatoa mvuke watu wanapiga makofi. Na hapo ndipo redio ikakata kasida yenyewe, kwiiik, sauti ya fundi wa injini ikajaa gari nzima.

"Bosi! Assalaam alaykum! Mbona unanikimbia?"

Bwana harusi, mtu wa adabu, kaitika kule nyuma, "wa alaykum salaam."

"Enhe, sasa sikiliza, ile baki ya tabo, milioni na laki mbili, mwenye mzigo keshanigandia. Na usinambie huna, zile bangili si umeniambia umezieka rehani kwa milioni tatu?"

Nikabonyeza kioo kukata, ikaja ramani. Nikabonyeza tena, maandishi yakageuka Kijapani. Nikabonyeza pembeni, sauti ikapanda. Simu yenyewe imo kwenye mfuko wa kanzu na mkanda wa kiti umepita juu yake.

"Na mkeo mie siwezi tena kumdanganya kila akinipigia, laki saba laki saba, wakati tushafika kumi na saba milioni!"

Mama mkwe kainama kidogo kwenye redio, sauti ya upole kabisa. "Bangili zipi hizo mwanangu?"

"Zile za mkewe, alopewa na mamake. Kwani nazungumza na nani?"

"Na mamake."

Fundi kakata simu kwa haraka ambayo kwenye kazi yake sijapata kuiona hata siku moja.

Kutoka hatutoki, milango alamu imeifunga. Nikazima injini, alamu ikaanza kupiga honi, na wale wa ngoma wallahi wakaifuata, wakaipatia mpaka mdundo. Bwana harusi katoka kwa dirishani na joho lake, bibi harusi ikabidi wangoe waya wa betri ndo mlango ukafunguka, akaenda kwa mumewe na dala la kina mama. Gari waliinyanyua wapiga tarumbeta. Mke wangu hakusema neno njia nzima, na mie na mwanamke asosema ni bora nikae na simba.

Usiku kachukua karatasi. Kununua 5. Bodi na rangi 3.2. Tabo, mkanda, gasketi na takataka zake 4.3. Springi na shokapu 1.1. Rimu na tairi 2.2. Redio, taa, feni, alamu 1.2. Fundi hakukosea hata senti, milioni 17. Kaja kijana mmoja wa Mwera mwenye pesa zake, rimu hakuzitazama, redio kasema atang'oa, kalala chini kwenye vumbi akagonga sakafu na kidole kila mahala, akasikiliza injini, akasema milioni tisa. Yaani sakafu na injini ndo vilivyorudisha kitu, yale mapambo yote niloona nimeipandisha hadhi yamekwenda na maji. Mke wangu kasema uza. Mie nkasema subiri Wamarekani.

Mama mkwe ndo kakata kesi. Kasema bangili zilikuwa zake kabla ya kuwa za mwanawe, kwa hivyo gari imo rehani kwake mpaka zirudi, na ufunguo kauchukua. Sasa kila akitaka kwenda sokoni Mwanakwerekwe ananipigia simu, nakwenda kuchukua ufunguo wa gari yangu, namuendesha, petroli yangu, na akifika hushuka akabamiza mlango kwa nguvu zake zote, mlango ule ule fundi bodi alonipigia laki nne.