Mishi Mboko na kiti cha kina mama: ngazi au ua?

Ukishuka feri upande wa Likoni, umekanyaga eneo bunge pekee, kati ya sita ya Mombasa, lililowahi kumchagua mwanamke kuwa mbunge wake. Tangu uhuru ni huyo mmoja. Mishi Mboko alishinda mwaka 2017 kwa tiketi ya chama cha ODM, akimwangusha Masoud Mwahima aliyewahi pia kuwa meya wa mji huu, na 2022 akarudishwa. Lakini hakuanzia Likoni. Kuanzia 2013 alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti nzima, kiti kinachogombewa na wanawake pekee, kilicholetwa na Katiba ya 2010, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Wapo wanaosema kiti hicho kimegeuka ua wa kuwafungia wanawake ndani. Mwanamke akichukua fomu ya Kisauni au Nyali huambiwa, "Nyinyi si mna kiti chenu? Huku tuachieni." Nakiri hoja hii ina uzito. Wanaoitoa humtaja Grace Onyango, aliyechaguliwa Kisumu mwaka 1969, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuingia Bungeni kwa kura, wakati hakuna aliyefikiria viti vya kutengewa. Kama yeye aliweza, kiti maalumu cha nini?

Ila wanasahau jambo moja. Kabla ya Bunge, Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu tangu 1965. Wapiga kura walikuwa wameshamwona kazini. Hata yeye alikuwa na ngazi, ila iliitwa jina jingine. Mombasa haikuwahi kumpa mwanamke ngazi ya namna hiyo, ingawa mwishoni mwa miaka ya 1950 bibi zetu walikuwa tayari wanaidai serikali ya kikoloni haki ya kupiga kura. Kutoka ushindi wa Kisumu hadi ule wa Likoni ni miaka 48. Siamini kwamba miaka yote hiyo Mombasa haikuwa na mwanamke anayefaa.

Kuna wanaosema Mishi alibebwa na wimbi la chama, kwa kuwa Mwahima alikuwa amehamia chama cha Jubilee katika mji uliokuwa ngome ya ODM. Ni kweli wimbi lilikuwepo. Lakini wimbi humbeba aliyeshika tiketi, na tiketi ya Likoni haipewi mtu asiyejulikana. Miaka minne ya kuzunguka maeneo bunge yote sita, kukaa na vikundi vya kina mama kwa fungu dogo kuliko la mbunge, ndiyo iliyomjulisha kwa watu.

Kwa hiyo mimi nasema ni ngazi. Kinachonisumbua ni kwamba hapa Mombasa ngazi hii imepandwa mara moja tu. Nchi nzima, wanawake waliochaguliwa kwenye maeneo bunge 290 walikuwa 16 mwaka 2013, wakawa 23 mwaka 2017. Sheria ya theluthi mbili, ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wabunge, ikakwama Bungeni hadi Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje. Halikuvunjwa.

Mishi alifanya jambo ambalo vyama havimsukumi mwanamke kulifanya: aliacha kiti alichohakikishiwa kwamba hakuna mwanamume atakayekigombea, akaenda kupambana na mzee aliyezoea kushinda. Mwaka 2027 nitaangalia ni nani atakayefanya hivyo Changamwe, Jomvu, Mvita, Kisauni na Nyali, na chama kipi kitampa tiketi.